Paa la bibi jirani limekwisha, alhamdulillah

Wana Ngamiani, ile nyumba ya udongo na fito mnayoijua sasa ina mabati. Makuti yalikuwa yameoza kiasi kwamba masika yakianza, bibi anahamisha kitanda kona hadi kona kama kete za bao.

Vijana wa kijiweni ndio walioanza. Mmoja akaazima ngazi, akina mama wakachangishana misumari. Tulipofungua paa tukakuta mchwa wamemaliza kazi: ukibonyeza mti kwa kidole, vumbi tupu. Ila boriti za mkoko upande wa kibla, mmh! Msumari unapinda. Hizo tukaziacha.

Ubishi ulikuwa kwenye ukuta. Wengi walitaka saruji. Fundi mzee akakataa katakata: saruji haishikani vizuri na udongo, inafungia unyevu ndani, baadaye plasta inabanduka vipande vipande. Tukakandika udongo, juu yake chokaa. Mimi nilikuwa upande wa fundi, tena chokaa haikutuumiza mfukoni.

Bibi mwenyewe alikaa chini ya mwarobaini akitusimamia. "We mwanangu, bati hilo limekwenda upande!" Tukapima. Kweli, limekwenda upande. Chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha havikukatika.

Bado choo na mlango wa uani. Mwenye mbao, hata mabaki, au bawaba zisizo na kutu anicheki. Jumamosi tunaanza mapema, kabla jua halijawa kali.