Meza ya Liwali
Somo: Nehemia 5:14–18

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Nehemia tunamkumbuka kwa ukuta wa Yerusalemu, uliokamilika kwa siku 52. Mimi niliyetumika miaka mingi kwenye mashirika hapa Tanga nimeguswa zaidi na habari ya meza yake. Alikuwa liwali, yaani mtawala wa jimbo, kwa miaka 12, na liwali alikuwa na haki ya kulishwa na wananchi. Waliomtangulia walichukua mkate, divai na shekeli 40 za fedha, hata watumishi wao nao wakawatawala watu. Yeye hakufanya hivyo, "kwa sababu ya kumcha Mungu."

Hapo kwenye watumishi pananichoma. Mkubwa akizoea kulemea watu, dereva wake atalemea, karani wake atalemea.

Na mzigo si fedha tu. Kina mama wanaolima mwani baharini kule Mkinga na Pangani wanafuata kujaa na kupwa kwa maji. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, bahari ikikupwa ndipo wanashuka kufunga mbegu kwenye kamba na kuvuna. Ukiitisha semina saa hizo umewatoa shambani. Watakuja, maana wanaheshimu wageni. Watasaini mahudhurio na ripoti itapendeza, ila hasara ni yao.

Nilifanya kazi chini ya mratibu mmoja, mama mtu mzima, ambaye kabla ya kupanga safari alimpigia simu mwenyekiti wa kikundi: "Wiki hiyo maji yanakupwa saa ngapi?" Wafadhili wakitaka kuja siku ya kazi ya mwani, aliwaomba wasogeze. Akifika, meza kuu haitaki. Anakaa jamvini, daftari mapajani, na chakula kikiiva wanaanza kupakuliwa waliotoka mbali kwa miguu. Sikumsikia akituhubiria utumishi. Sisi vijana wake tulimtazama tu, tukashika.

Mezani pa Nehemia walikula watu 150, mbali na wageni. Kila siku alichinjwa ng'ombe mmoja na kondoo sita, wala hakudai chakula cha liwali, kwa kuwa watu walikuwa wamelemewa tayari. Alilijua hilo: mwanzoni mwa sura hii amesikiliza kilio cha walioweka rehani mashamba na nyumba zao wapate nafaka. Aliyesikia kilio kile angedaije posho?

Wapendwa wenye dhamana, tuanzie kwenye kamati zetu za kanisa. Vikao vya jioni vinawaweka kina mama wenye watoto wachanga hadi giza linaingia. Kabla ya kutangaza kikao kijacho, tuwaulize wao kwanza saa inayowafaa.