Vumawimbi ghorofa ya nne

Dirisha la sebuleni kwetu Michenzani, mjini Unguja, linaangalia nguo za jirani. Siku njema ni kanga, siku mbaya ni zulia linakung'utwa vumbi. Tuko ghorofa ya nne, lifti hakuna, na tangu bimkubwa avunjike nyonga mwaka juzi, ngazi zile hushuka kwa kubebwa kwenye kiti siku ya kliniki tu. Mtu aliyezaliwa Konde, Pemba, akakulia baina ya msitu wa Ngezi na bahari, leo kijani anachokiona ni mrehani mmoja ndani ya kopo la maziwa.

Presha yake haikuwa ikitulia. Yangu sijaipima, lakini kutwa niko bandarini na makaratasi ya makontena, na usiku ndiyo zamu yangu ya kumwangalia. Akiita "Mwanangu" saa nane, nishajua kulala basi.

Wa kwanza kutuletea dawa alikuwa mpwa wangu anayefanya kazi na watalii Nungwi. Alikuja na miwani ya uhalisia pepe aliyoiazima kwa rafiki yake. "Mjomba, vaa, utajiona uko msituni." Kweli nikajiona msituni, msitu wa nchi za baridi, misonobari na mto wenye mawe, na mimi naelea juu yake kama mwewe. Dakika ya tatu nikaomba beseni. Mjukuu wa mvuvi, kichefuchefu kinamshika juu ya kochi! Sababu yake ni ile ile ya boti la Pemba, ila kinyume. Ndani ya boti sikio linahisi unayumba, na macho yanaona viti vimetulia. Ndiyo maana wazoefu hukwambia toka nje ukatazame mbali baharini. Kwenye miwani macho yanasema unakwenda, sikio linasema umekaa. Mwili ukipewa habari mbili, unatapika.

Bimkubwa hakuigusa kabisa. "Kunifunga macho mchana kweupe? Bado sijafa mie."

Mwezi wa saba nilikwenda Konde kwenye hitima. Siku ya pili nikapita njia ya Ngezi mpaka ufukwe wa Vumawimbi, nikaiegemeza simu kwenye gogo na kuiacha irekodi dakika arobaini. Sikusogeza kitu. Njiani nilisimama pia msituni, nikarekodi sauti tu, kwa sababu mwanga ulikuwa mdogo.

Niliporudi nikaiunganisha na televisheni baada ya Isha. Bimkubwa ana tabia, akiwa na wasiwasi hukunja ncha ya kanga yake kidogo kidogo kama anayesokota utambi, hukunja na kukunjua. Vidole vile vikasimama. Kimya kirefu, nikafikiri kalala. Kumbe anatazama mchanga.

"Maji yanatoka hayo," akasema.

Nikamuuliza kajuaje. Akanyoosha kidole kwenye ule mstari wa mchanga mbichi ulioachwa na wimbi, kila linaporudi linaishia chini zaidi. Mimi niliyekuwa pale kwa miguu yangu sikuuona. Halafu akauliza, "Na upepo uko wapi?" Nikawasha feni, nikaielekeza usoni kwake. "Haya, angalau. Ila kusi haliji na harufu ya vumbi."

Watu wameshalipima jambo hili. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha utafiti wa wagonjwa 46 waliopasuliwa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Waliokuwa na dirisha linaloangalia miti walitoka mapema kidogo na kutumia dawa kali za maumivu chache kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Mwaka 1991 yeye na wenzake wakawaonyesha wanafunzi 120 filamu ya ajali za kazini, kisha wengine wakatazama video za miti na maji, wengine za barabara za mjini. Wa miti na maji walitulia haraka zaidi. Lakini mwaka 2008 Peter Kahn na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walichukua watu 90: wengine wakawekwa mbele ya dirisha la kioo, wengine mbele ya skrini inayoonyesha mandhari yale yale moja kwa moja, wengine mbele ya ukuta mtupu. Kwenye dirisha mapigo ya moyo yalishuka upesi. Skrini haikuushinda ukuta. Swali la bimkubwa la upepo lingewafaa.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama video ya bahari inasaidia, namuuliza: badala ya nini? Badala ya kwenda Vumawimbi, ni mchezo wa watoto, na ninawashangaa vijana wanaoishi hatua mia kutoka ufukweni huku wanatazama mawimbi kwenye simu. Badala ya zulia la jirani, hapo ni hadithi nyingine.

Kipimo cha presha tunacho. Usiku ule wa kwanza ilikuwa 158 kwa 94. Baada ya nusu saa 141 kwa 86. Nikataka kuruka kwa furaha, kisha nikajizuia, maana kukaa kimya nusu saa peke yake kunashusha presha. Nikajaribu siku kadhaa bila video, amekaa tu. Ikashuka pia, karibu sawa. Basi sidai kitu hapo. Ninachojua ni kwamba usiku wa Vumawimbi bimkubwa huniita mara moja, mara nyingine haniiti kabisa, na nimeanza kwenda kazini nikiwa nimeshiba usingizi.

Ile sauti ya msituni ndiyo anayoipenda zaidi, nayo haina picha hata moja. Huizima taa mwenyewe.

Sasa nina oda. Msimu wa karafuu niende tena Konde, nirekodi watu wakichambua usiku ukumbini, na mazungumzo yao yote, "hata wakisengenya." Na simu niiweke chini. Nikiishika mkononi, anasema, natetemeka.