Upondo wa mjomba na tope la Hombolo

Juzi Jumamosi nilienda kwenye bwawa la Hombolo kumsalimia mjomba, ni kama kilomita 40 tu kutoka Dodoma mjini, nikamkuta anaingiza mtumbwi nikamwambia subiri twende wote. Tulipofika katikati akashusha upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, akasema "angalia mjomba, hapa zamani haukuwa unagusa chini". Ukazama nusu tu, ukatoka na tope jeusi linanuka yai viza. Na hapo bwawa limejaa, mvua ndo zimeisha juzijuzi, sio kiangazi.

Lile tope sijalisahau mpaka leo. Maana sisi huku Dodoma bwawa tunaliuliza swali moja tu, maji yapo au hayapo, kina hatuulizi kabisa. Hombolo lilijengwa 1957, mto ukazuiwa, sasa mto unakuja na mchanga na udongo, ukifika ukutani unasimama, ukisimama udongo unashuka chini na hautoki tena. Kila msimu unaongezeka mwingine, na huko juu miti tumeimaliza kwa mkaa, tunalima mpaka kwenye makorongo, ng'ombe wamekanyaga ardhi imekuwa unga.

Kina kikipungua maji yanapata joto haraka, halafu upepo wetu wa mwezi wa nane mnaujua, unakoroga mpaka chini yanakuwa kama chai ya maziwa. Ukitulia sasa, mbolea ya mashambani na kinyesi cha mifugo vyote vimo humo, mwani unashiba, pembeni unaona utando wa kijani kama mtu kamwaga rangi. Usiku huo mwani unavuta oksijeni, ukifa ukaoza ndo balaa, mjomba anasema kuna alfajiri anakuta perege wako juu wanatweta midomo wazi. Kambale anavumilia kwa sababu anaweza kuvuta hewa ya juu.

Chumvi nayo usiseme. Dodoma mvua ni kama milimita 570 kwa mwaka na jua linakausha mara kadhaa ya hiyo, maji yanapaa chumvi inabaki palepale. Mkewe mjomba alikuwa anafua, kasugua sabuni karibu kipande kizima na povu hamna.

Kinachoniuma zaidi ni ile mita 60 kutoka ukingo wa maji, ambayo haitakiwi kulimwa. Sheria ya mazingira ya 2004 imeiweka wazi, lakini nimeona matuta ya vitunguu yameshuka mpaka maji yanayalamba, na pampu imekaa palepale inadondosha mafuta. Watu wanatafuta riziki, naelewa, ila udongo wa tuta lile mvua ya kwanza tu unaingia bwawani pamoja na mbolea yake yote.

Kabla hatujarudi mjomba alichonga alama kwa kisu kwenye upondo, pale maji yalipoishia, mimi nikaandika tarehe kwenye simu. Mwakani mvua zikiisha bwawa likijaa tena, tunarudi palepale tupime.