Mbuzi ya Nazi Ilivyoifundisha Ofisi Yangu

"Ukiwasomesha wafanyakazi, watakukimbia." Niliambiwa hivyo na wenzangu wawili wenye ofisi za uwakala wa forodha hapa Mombasa, na neno hilo bado linaniudhi. Kazi hii ina hasara ukiacha kusoma. Julai 2022, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoanza kutumia kiwango kipya cha ushuru cha asilimia 35 kwa baadhi ya bidhaa, kijana wangu mmoja alijaza entri, yaani tamko la mzigo kwa forodha, kwa kitabu cha ushuru cha zamani. Kontena likalala Kilindini, mteja akahama.

Nikakodi ukumbi Nyali, Jumamosi nzima, mkufunzi na pilau. Kama elfu themanini hivi. Kufika Jumatatu hakuna aliyekumbuka kitu. Nilipotaka kurudishiwa fedha na NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, ambako tunatoa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, kumbe idhini huombwa kabla ya mafunzo. Ombeni mapema, jamani.

Kilichotuokoa ni kikapu. Kila Jumanne saa moja na nusu asubuhi, mahamri na mbaazi juu yangu, mmoja wetu huleta kikapuni kitu cha nyumbani, nasi tunakitafutia namba yake katika kitabu cha ushuru, kilichogawanya bidhaa kwa sura. Siku Bi wa hesabu alipoleta mbuzi ya kukunia nazi, chai ilipoa vikombeni. Mmoja akasema ni mbao, sura ya 44. Mwingine akashika ule ulimi wa chuma: hii ni zana, sura ya 82! Wa tatu akaikunjua, akaikalia: kiti hiki, sura ya 94. Wakapandishiana sauti hadi jirani akachungulia. Ndipo tarishi wetu, ambaye kazi yake ilikuwa kupeleka karatasi bandarini, akauliza taratibu, "Ukiung'oa huo ulimi, nani atainunua?" Kanuni ya 3(b) ya kuainisha bidhaa hiyo hiyo! Kitu chenye sehemu mbalimbali huainishwa kwa ile inayokipa sifa yake kuu. Hakuna aliyemfundisha.

Aliyekosea entri ndiye huongoza wiki inayofuata, bila karipio. Karipia mara moja tu, utaona kikapu kitakavyokuja kitupu.

Kweli mmoja ameondoka, yuko kampuni ya meli, na wateja ananiletea. Tarishi nimemlipia nusu ya ada ya cheti cha forodha cha Afrika Mashariki, nusu ya pili anakatwa kidogo kidogo. Jumanne iliyopita yeye ndiye aliyeshika kitabu.