Ukuta wa Capitan na matabaka yanayopitwa bila kutazamwa

Watu wengi wanaofika kwenye milima ya Guadalupe, mpakani mwa majimbo ya Texas na New Mexico nchini Marekani, huenda kulitazama genge la El Capitan, ukuta wa chokaa ulioinuka juu ya jangwa na unaoonekana kutoka mbali sana barabarani. Siwalaumu, kwa maana ni mahali pachache duniani ambapo mwamba wa bahari, yaani tuta lililojengwa na viumbe vya baharini, wa kipindi cha Permiani (takriban miaka milioni 299 hadi 252 iliyopita) umebaki wazi na mzima kiasi hicho. Hata hivyo, kila ninaporudi kuyasoma matabaka ya mlima ule nazidi kuamini kwamba ukuta wenyewe ndio unaosema machache kuliko vyote kuhusu umri na kina cha bahari ile, na kwamba habari nyingi zimo katika matabaka membamba yaliyo mbele na nyuma yake.

Takriban miaka milioni 265 iliyopita mabara yalikuwa yameungana kuwa bara moja la Panjea, na eneo hili lilikuwa karibu na ikweta, kwenye ukingo wa magharibi wa bara hilo. Maji ya bahari kuu yaliingia kwa mlango mwembamba upande wa kusini-magharibi na kulijaza Bonde la Delaware, ambalo kina chake kilifika mamia ya mita. Kandokando ya bonde palikuwa na rafu pana ya maji ya kina kifupi, na pale rafu ilipokomea ndipo ulipojengeka mwamba wa Capitan, ukilizunguka bonde karibu pande zote. Leo sehemu kubwa ya mwamba huo imefukiwa ardhini, nao hujitokeza juu katika milima ya Guadalupe, Apache na Glass. Kwetu kusini mwa Tanzania, katika bonde la Ruhuhu, kipindi hichohicho cha Permiani hakikuacha bahari bali mito na mabwawa ya Karoo, jina la matabaka ya kale ya nchi kavu kusini mwa Afrika, na mimea yake ndiyo iliyotupa makaa ya mawe ya Mchuchuma. Pengine ndiyo sababu wengi wetu tuliosomea jiolojia nyumbani tunaijua Permiani kama kipindi cha nchi kavu tu.

Mwanafunzi hufundishwa kuyasoma matabaka kutoka chini kwenda juu, la chini likiwa kongwe na la juu likiwa changa. Guadalupe inamlazimisha ayasome pia kwa ubavu. Ukishika muda mmoja tu, yaani siku za mwisho za mwamba wa Capitan, na kuufuata kutoka upande wa nchi kavu kwenda bondeni, utapita kwanza kwenye jasi na tope jekundu lililoganda, kisha kwenye dolomaiti (jiwe la jamii ya chokaa lenye magnesi) iliyopangika vizuri katika tabaka za fomesheni, yaani kundi la matabaka lililopewa jina, ya Tansill, kisha kwenye chokaa nene ya mwamba isiyo na tabaka, kisha kwenye vifusi vilivyolala kwa mteremko mkali, na mwisho kwenye chokaa nyeusi na nyembamba ya Lamar iliyotulia sakafuni mwa bonde. Majina ni mengi na sura za mawe zinatofautiana kabisa, lakini yote yaliwekwa kwa wakati mmoja, kila moja kwa namna ya mazingira yake. Philip B. King wa idara ya uchunguzi wa jiolojia ya Marekani aliuweka wazi uhusiano huo katika kazi yake kubwa ya mwaka 1948, na ramani zake hadi leo ni mahali pema pa kuanzia.

Nyuma ya mwamba, kwenye kilele cha rafu, kuna mawe ambayo binafsi nayapenda kuliko ukuta wote. Katika bonde la Walnut Canyon, kando ya barabara iendayo kwenye mapango ya Carlsbad, tabaka za dolomaiti zimevunjika na kuinuka mbilimbili zikiegemeana kama paa la kibanda, na chini ya kila paa pamejaa vidonge vya mviringo vyenye upana wa milimita chache hadi sentimita kadhaa. Ukikitazama kidonge kilichopasuka kwa lenzi ya mkononi unaona maganda membamba yaliyozungushana, moja juu ya jingine, na mahali pengine vidonge viwili vimeshonwa pamoja na ganda moja lililovifunika vyote. Hii ni dalili kwamba vilikua palepale vilipo, havikuviringishwa na mawimbi kutoka kwingine. Uso wa mashapo ulikuwa ukilowa na kukauka, chumvi na kaboneti zikiganda katika nyufa na kuzitanua, hadi tabaka lenyewe likakosa nafasi ya kulala na kuinuka. Anayeujua wangwa wa pwani yetu, unaofunikwa na maji wakati wa bamvua tu na kuachwa na ukoko mweupe wa chumvi, hatapata shida kuyaelewa mazingira hayo.

Sasa, kama mahali palipokuwa pakikauka ni hapo nyuma, mwamba wenyewe ulikuwa kwenye kina gani? Swali hili limewagawa wataalamu kwa miongo mingi. Sura ya kawaida iliyozoeleka ni ya mwamba mrefu unaovunja mawimbi, mithili ya ule wa mbele ya fukwe za Unguja na Mafia. Lakini Robert Dunham, yuleyule aliyetunga mwaka 1962 mfumo wa kuainisha mawe ya chokaa tunaoutumia hadi leo, aligundua kwamba kilele halisi kilikuwa pale penye vidonge, na kwamba tabaka za rafu huanza kuinama kuelekea bondeni kabla ya kuufikia mwamba. Kama mwinamo huo ni wa asili, basi mwamba ulikua makumi ya mita chini ya uso wa bahari; kama ulitokana na kudidimia kwa ukingo uliosimama juu ya vifusi vyake wenyewe, basi kina kilikuwa kidogo zaidi. Mimi naona sehemu zote mbili zina ukweli, kwa sababu nyufa zilizojazwa mashapo ya bahari wakati uleule zinaonyesha kwamba ukingo ulikuwa kweli ukilegea, ila hazitoshi kueleza mwinamo wote.

Viumbe wenyewe hawatusaidii sana kuamua. Matumbawe ya aina tunayoyajua leo yalikuwa hayajatokea duniani, na waliojenga Capitan walikuwa sifongo wenye mifupa ya chokaa, briozoa (wanyama wadogo wa baharini waishio kwa makundi), mwani na viumbe vya ukoko ambavyo nasaba yao bado inabishaniwa, wote wakigandishwa na saruji ya asili iliyotoka katika maji ya bahari, ambayo mahali pengi ni nyingi kuliko viumbe vyenyewe. Katika miaka ya 1990 watafiti walionyesha kwamba sifongo wengi waliodhaniwa kusimama wima juu ya mwamba walikuwa wakining'inia vichwa chini ndani ya mapango madogo. Kwa hiyo hata mwelekeo wa juu na chini katika jiwe lile hauwezi kusomwa kwa pupa.

Mbele ya mwamba hali ni nyingine. Vifusi vilivyoporomoka viliweka tabaka zenye mteremko wa nyuzi 30 na zaidi, na juu ya vifusi hivyo mwamba ulizidi kusonga mbele kuelekea bondeni kwa kilomita kadhaa. Nilipoipanda njia ya McKittrick Canyon nilitumia muda mrefu kwenye jabali moja lililojaa fusulinidi, viumbe vya seli moja vilivyojijengea magamba yenye vyumba vingi, umbo la punje ya mpunga, na yaliyolala mengi kwa mwelekeo mmoja kwa sababu mkondo uliyapanga kabla hayajafunikwa. Mahali pengine maporomoko yalikuwa makubwa mno: katika kitabaka cha Rader, kilichomo katika fomesheni ya Bell Canyon, mna mabonge ya chokaa ya mwamba yaliyoteleza hadi sakafuni mwa bonde na kuzama katika mchanga laini usioyahusu.

Mchanga huo ndio unaotoa ushahidi bora wa kupanda na kushuka kwa bahari. Bahari ilipokuwa juu, rafu ilifunikwa na maji na kiwanda cha chokaa kikafanya kazi. Iliposhuka, rafu ikabaki nchi kavu, upepo ukausukuma mchanga hadi ukingoni, nao ukamwagika bondeni kupitia mifereji, huku chokaa ikisimama. Ndiyo maana bondeni mchanga na chokaa hupokezana, na ndiyo maana fomesheni ya Brushy Canyon, mchanga wa unene wa takriban mita 300 ulio chini kabisa ya genge la El Capitan na mkongwe kuliko mwamba wa Capitan, hukomea kwenye mteremko wa kale bila kuendelea juu ya rafu.

Haishangazi basi kwamba mwaka 2001, zilipopitishwa rasmi alama za kimataifa za mwanzo wa hatua tatu za Guadalupiani, sehemu ya kati ya kipindi cha Permiani, yaani Roadi, Wordi na Capitani, hakuna iliyowekwa kwenye ukuta wa mwamba. Zote zimo katika tabaka za chokaa za mteremko na bonde, na hutambuliwa kwa mabadiliko ya vijino vidogo vya konodonti, wanyama wa baharini waliokwisha kutoweka, wa jenasi ya Jinogondolella. Hata hatua ya Capitani, inayobeba jina la mwamba, mwanzo wake umewekwa katika kitabaka cha Pinery kwenye kilima kidogo ambacho hakuna anayekipiga picha.

Mwisho wa bahari hii umeandikwa katika fomesheni ya Castile. Mlango ulipozibika, maji yakawa mazito kwa chumvi, mwamba ukafa, na bonde likaanza kujazwa na jozi za utepe mweusi wa kalsaiti (madini ya chokaa) na mweupe wa anhidraiti (jasi isiyo na maji ndani yake), kila jozi ikihesabiwa kuwa mwaka mmoja. Roger Anderson na wenzake walichapisha mwaka 1972 hesabu ya jozi zipatazo 260,000, na waliweza kuzilinganisha moja kwa moja katika visima vilivyoachana kwa zaidi ya kilomita 100. Chumvi ya fomesheni ya Salado ikafuata na kufunika kila kitu. Milima ilipoinuliwa baadaye sana, jasi na chumvi viliyeyuka na kuoshwa upesi kuliko chokaa, na mteremko wa kale wa bahari ukafukuliwa ukiwa karibu na umbo lake la mwanzo. Kwa anayekwenda huko ningeshauri asianze na El Capitan. Aanze na mkato wa barabara kuu ya 62/180 karibu na mpaka wa majimbo, ambapo tepe za Castile zinaonekana wazi ukutani, kisha siku ya pili apande njia ya McKittrick kutoka chini hadi juu ya rafu, takriban mita 600, akijua kwamba kimo anachopanda hakitofautiani sana na kina cha bahari iliyokuwa hapo.