Nilidhani mujibu wa sheria ndio mlango wa jeshini

Tangu kidato cha tatu nilikuwa natangaza kwamba nitakuwa afisa wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), ila njia ya kufika huko sikuijua. Mama mdogo alishauri nihamie sekondari inayomilikiwa na jeshi. Binamu yangu alisoma Makongo, moja ya shule hizo, na leo anauza vipodozi Kariakoo, kwa hiyo wazo hilo nililiacha mapema.

Nilipomaliza kidato cha sita jina langu likatoka kwenye orodha ya mujibu wa sheria, yaani mafunzo ya lazima ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa waliomaliza kidato cha sita, kambi ya 841 KJ Mafinga. Nilishangilia kama mtu aliyeajiriwa. Nikahangaika na bukta ya bluu iliyokoza, yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, ya kufika magotini (fundi aliikata fupi, ikabidi nishone nyingine), raba za kijani na shuka za bluu. Soksi nzito sikubeba. Baridi ya Mafinga mwezi wa sita msiifanyie mzaha.

Wiki ya tatu tulikuwa jikoni tunachambua maharage. Nikamuuliza koplo aliyetusimamia, "Afande, tukimaliza hapa ndio tunapelekwa Kihangaiko?" Nilimaanisha chuo cha kufundishia askari wapya wa JWTZ. Akacheka mpaka akaweka ungo chini.

"Kuruta, ukimaliza hapa unarudi kwa mama yako kusubiri chuo."

Kisha akanielewesha, huku akinionyesha mawe niliyoyaacha kwenye maharage. Sisi wa mujibu tuko pale kwa miezi mitatu tu, kwa sababu sheria inatutaka. Anayelenga jeshi akiwa na cheti cha sekondari huomba JKT ya kujitolea, mkataba wa miaka miwili, na maombi huanzia wilayani. Hata huko hakuna ahadi: tangazo la JKT lenyewe husema wazi kwamba halitoi ajira. Na Monduli, kwenye chuo cha maafisa, je? "Monduli huendi na matokeo ya form six mkononi. Unaanza kuwa askari kwanza." Njia nyingine ni kusomea fani, maana jeshi nalo huwa linatangaza nafasi za madaktari, wahandisi na watu wa TEHAMA.

Usiku ule sikulala vizuri. Rafiki yangu wa kitanda cha juu aliamua palepale kwamba atajitolea. Mimi nilipiga hesabu zangu: nimesoma PCM (fizikia, kemia na hisabati), ufaulu naamini utakuwepo, na miaka miwili bila ahadi ni mingi kwa nyumba yenye wadogo watatu. Nikachagua uhandisi wa umeme.

Kilichonitoa jasho zaidi ya kwata ni cheti cha kuzaliwa. Jeshi linakitaka, bodi ya mikopo nayo inakitaka, na mimi nilikuwa na kadi ya kliniki tu. Kwenye kadi jina langu halina "h", kwenye cheti cha kidato cha nne inayo. Kwa herufi hiyo moja nilipanda daladala kwenda wilayani mara nne, mara mbili na mama, mara moja na barua ya mtendaji. Kama uko kidato cha tano, toa vyeti vyako leo uvilinganishe herufi kwa herufi.

Sasa niko mwaka wa tatu. Juzi yule rafiki kaniandikia: "Tangazo limetoka, vyeti unavyo?" Nikamjibu vipo kwenye bahasha, kimebaki kimoja, cha shahada, na hicho mpaka mwakani.