Nilipulizwa ugoro wa Brazil, bibi akanicheka

Hii stori nilikua sitaki kuisimulia, lakini bibi ashaisambaza Muyeye nzima, mtaani kwetu hapa Malindi, bora niiseme mwenyewe.

Kuna mgeni Mbrazili alikaa wiki mbili kwenye nyumba ya wageni ninayofanya kazi, mtu mpole, chai yake haina sukari. Jioni moja nikamkuta uani na kichupa cha unga wa kahawia na kijirija kimekunjwa kama V. Akaniambia hiyo ni rapé, wao hutamka "hapé", dawa ya watu wa msitu wa Amazon, Wayawanawá na Huni Kuin wa jimbo la Acre (Huni Kuin bana, si wahuni, mi pia nilicheka kwanza). Inasafisha roho, inakinga, na inaondoa panema, yaani ile nuksi ya mwindaji kuingia msituni kila siku na kurudi mikono mitupu. Mimi na mwaka wangu huu ulivyo, nikasema haya, nipulize.

Kile kijirija cha V ni kuripe, cha kujipulizia mwenyewe. Mimi alinitolea tepi, ule mrefu wa watu wawili, upande mmoja mdomoni kwake mwingine puani kwangu, na akishapuliza pua moja lazima na ya pili ifuate. Walahi moto ulipanda mpaka utosini, machozi, kamasi, jasho la baridi, nikatapika chini ya mwarobaini, naye ananipigapiga mgongo ati uchafu ndio unatoka. Ila baada ya hapo nilitulia kweli, nikakaa kimya nasikia bahari tu.

Kesho yake nikampelekea bibi kidogo kwenye karatasi. Akanusa kwa mbali.

"Tumbaku hii."

Nikamwambia bibi ni dawa ya Amazon.

"Ni tumbaku, mjukuu wangu. Magadi wametia ya wapi?"

Nikamuuliza mgeni kwa whatsapp, akajibu hawatii magadi, wanatia majivu ya miti, mmoja wauita tsunu. Bibi akapiga makofi! Kumbe kazi ni ile ile, magadi au majivu ndio yanayoitoa nguvu ya tumbaku ikaingia mwilini haraka, na tumbaku yao wenyewe ni aina iitwayo rustica, kali kuliko ya sigara, ndio nikaelewa mbona nilitapika vile. Na tumbaku asili yake ni huko huko Amerika, ilikuja kwetu na meli, kwa hivyo bibi amekua akinusa mmea wao miaka yote hiyo.

Kinachoniuma ni kwamba wageni wakija kwetu mama hulificha kopo la bibi, ati ugoro ni uchafu. Bibi kabla hajanusa huangusha kidogo chini kwa ajili ya koma, yaani mizimu ya wazee wetu, halafu ndio kidole gumba na cha shahada, chafya mbili, basi, na mimi sijawahi kukaa naye hata mara moja nikafumba macho kama nilivyomfumbia yule mgeni.

Daktari amemkataza kwa sababu ya presha. Sasa kila nikienda ananiuliza yule Mbrazili wako arudi lini, amletee ile ya majivu.